Rangi za Kombe la Mama

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kupata kwangu mashairi, au maneno juu ya mashairi, na wengine wenu huniandikia kunisahihisha mizani, jambo ambalo nalishukuru hata linaponichoma. Leo sina shairi. Nataka kuzungumza juu ya picha niliyoichora kwa mkono wangu mwenyewe, mimi ambaye tangu kuzaliwa sijapata kuchora hata kuku. Mtu akiitazama hataona ndani yake mtu, wala nyumba, wala jahazi, wala kitu chochote cha kutajika kwa jina. Najua wapo watakaocheka. Nami mwanzo nilicheka.

Mama yetu alifariki miaka mitatu iliyopita, Mwenyezi Mungu amrehemu. Matanga yalipokwisha, jamaa na majirani wakawa wananiuliza, kila mmoja kwa njia yake, lini nitamtungia. Lilikuwa ni ulizo la haki. Katika mitaa yetu ya Mji wa Kale, mtu akifa naye ana mwana mtunzi, watu huingoja marthiya kama wanavyoingoja khitma. Mimi nimewatungia masheikh, mabaharia, walimu, na hata mzee mmoja muuza kahawa ambaye jina lake kamili sikulijua mpaka siku alipozikwa. Ya mama ilinishinda. Si kwamba maneno hayakuja. Yalikuja mengi mno, tena yamekwisha kujipanga kwa vina, na kila ubeti niliousoma asubuhi yake niliuona ni wa mama wa mtu mwingine. Subira yake, ukarimu wake, taa ya nyumba iliyozimika: yote ni kweli, na yote nilikuwa nimekwisha kuyatumia.

Nilichokuwa nacho hasa cha mama hakikuwa neno. Kilikuwa ni rangi.

Nilipokuwa mdogo nilikuwa mwepesi wa homa. Baba alikuwa mwalimu wa chuoni, mwenye hati nzuri, na homa ikizidi aliletewa sahani nyeupe aandike kombe. Zafarani ilikuwa ni kazi ya mama. Aliiloweka katika kikombe kidogo chenye marashi, akaifunika, na baada ya muda maji yakawa na ile rangi ambayo si manjano wala si nyekundu. Baba akichovya kalamu yake ya mtete na kuandika aya kimya kimya, akianzia ukingoni na kuzunguka kwenda kati. Akimaliza huondoka, maana wanafunzi wanamngojea. Hapo tena sahani ikawa mikononi mwa mama.

Alikuwa akishika mrashi na kumimina marashi kidogo kidogo juu ya hati, huku akiizungusha sahani kwa ncha za vidole, nami kitandani nikiona herufi zikilegea. Alifu ilikuwa ya kwanza kuinama. Tumbo la nuni likijaa mpaka likafurika. Nukta zikikimbiliana. Kwa muda wa pumzi nne au tano hivi, sahani haikuwa na maandishi tena, wala haikuwa na maji matupu. Ilikuwa na kitu baina ya viwili hivyo, mishipa ya zafarani inayozunguka na kutafuta pa kukaa. Kisha yakawa maji, nikanyweshwa. Wenzangu nyumbani wakidhani nangojea dawa, kumbe mimi nilikuwa nikingojea zile pumzi nne.

(Najua wako maulamaa siku hizi wanaosema kombe halina msingi, na wako wengine ambao wangali wakiliandika. Hayo nawaachia wenyewe. Mimi naeleza nililoliona nikiwa mtoto.)

Mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, hufundisha watoto kuchora. Siku moja nilimsimulia habari hii ya sahani, naye akaniambia, "Mjomba, hilo si shairi. Hiyo ni picha. Nawe usiitunge, ichore." Nikamwambia mimi si mchoraji. Akajibu kwamba hata yeye si mtunzi, na bado kila Idi namlazimisha atoe ubeti mbele ya watu. Sikuwa na la kusema.

Picha za namna anayoipenda yeye huitwa picha za dhahania. Mchoraji hachukui kitu kilicho mbele yake akakiiga. Hutia rangi, akatazama, akaifuata rangi ile inakotaka kwenda, mpaka kilicho moyoni kikajitokeza kwa namna ambayo pengine yeye mwenyewe hakuitarajia. Kwa Mwislamu, nilifikiri, njia hii ina nafuu yake, kwani ubishi wa maulamaa kuhusu picha umekaa zaidi juu ya kuchora vyenye roho, nayo rangi iliyotandazwa haina roho ya kuulizwa. Lakini nakiri kwamba nafuu hiyo haikunipunguzia aibu ya kukaa sakafuni na brashi, mtu mzima mwenye mvi.

Tulichukua kitambaa cha amerikani, dhiraa mbili, tukakiwamba juu ya mbao nne kwa misumari midogo, tukakipaka rangi nyeupe ya ukutani ili kisinywe rangi mno. Tulipokiacha kikauke juani, dada alipita, akakitazama kile kitambaa cheupe, akaendelea na safari yake bila ya kusema neno.

Mara ya kwanza nilichora sahani. Nilichora duara, nikalijaza manjano, nikaweka vijistari ndani yake. Mpwa wangu akaniuliza kama ni yai. Mara ya pili nilijitahidi kusahau sahani, nikapiga mistari tu, nikiwa nimefumba macho nusu kama alivyonielekeza. Nilipoyafumbua nikakuta nimepiga mistari minane, nikaacha nafasi, nikapiga minane mingine, na chini yake vivyo hivyo, safu nne. Nilikuwa nimetia vina na mizani! Yule binti alicheka mpaka akakaa chini. Mkono uliofungwa na ushairi kwa miaka thelathini na zaidi haufunguki kwa siku moja. Tukapaka nyeupe juu yake, tukaanza tena.

Jioni hiyo aliniletea kitabu chenye picha za Ibrahim El-Salahi wa Sudan, na ni lazima nikae kidogo hapa, kwani bila ya mtu huyo nisingerudi sakafuni.

El-Salahi alizaliwa Omdurman mwaka 1930, na baba yake alikuwa na chuo cha Qur'ani nyumbani. Huko kwao, mwanafunzi akifikia daraja fulani ya kuhifadhi, ubao wake hupambwa kwa nakshi na rangi kuwa ni alama ya heshima, na yeye alianza kuzoesha mkono wake katika mbao hizo akiwa mtoto mdogo. Baadaye akasomea uchoraji Khartoum, na tangu mwaka 1954 hadi 1957 akawa London katika shule ya Slade, akajifunza yote wanayoyajua Wazungu. Akarudi nyumbani na picha zake, akafanya maonyesho Khartoum. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba siku ya ufunguzi watu walikuja, na baada ya hapo hawakuja tena. Picha zilikuwa nzuri, lakini hazikuwa na lolote la kuwaambia wale jamaa zake.

Mtu mwingine angewalaumu watu kwa ujinga wao. El-Salahi aliacha kuchora kwa muda, akazunguka Sudan akitazama watu wake wanaweka nini majumbani mwao. Akaona hati za Kiarabu ukutani, akaona nakshi za vyombo na za mikeka, vitu alivyokuwa amevikuta kwa baba yake kabla hajajua kwamba duniani kuna kitu kinachoitwa shule ya sanaa. Akaanza kuandika herufi katika picha. Kisha akazivunja herufi, akatazama zile nafasi zilizo kati yake, na katika nafasi hizo vikaanza kutokeza viumbe: nyuso ndefu kama vinyago, pembe, mimea, ndege. Picha yake moja aliyoianza mwaka 1961 na kuimaliza 1965, juu ya kitambaa cha pamba chenye zaidi ya mita mbili na nusu kila upande, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Sauti Zilizozaliwa Upya za Ndoto za Utotoni. Hivi sasa ni mali ya jumba la Tate la London. Rangi zake ni za udongo na za moshi, na zile nyuso zimesimama ndani yake kama watu wanaoonekana kupitia shela.

Nilipoiona, sikuona Sudan. Niliona alifu ya baba ikiinama ndani ya marashi.

Jingine lililonigusa ni kifungo chake. Mwaka 1975, naye wakati huo ni mkuu katika wizara ya utamaduni ya nchi yake, alitiwa jela bila ya kufikishwa mahakamani, akakaa humo kiasi cha miezi sita. Kuchora kulikatazwa. Alichora hivyo hivyo juu ya vipande vya karatasi, kisha akavifukia mchangani wasivione askari. Kimoja kinapata mwanzo wa umbo, kingine kinaendeleza, bila ya yeye kuweza kuviweka pamoja akaona vinakwenda wapi. Alipotoka alishika namna hiyo hiyo. Picha yake kubwa ya mwaka 1984 na 1985 ina vipande tisa, nayo ilikua kutoka punje moja kama mche, pasipo kuchorwa ramani ya yote kwanza. Mwaka 2013 Tate Modern ilimfanyia maonyesho ya kazi za maisha yake yote, na hakuna Mwafrika aliyefanyiwa hivyo hapo kabla yake.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kuyaona haya kuwa mambo ya mbali. Misahafu iliyoandikwa Siyu katika karne ya 18 na 19 imepambwa kwa nyekundu, nyeusi na manjano, na mapambo yake hayana kiumbe hata kimoja. Zidaka za nyumba za Lamu, milango yetu ya nakshi, mikeka ya ukili wa rangi ambayo kina mama walikuwa wakiisuka barazani huku mazungumzo yakiendelea, vyote ni dhahania. Mama alikuwa akisuka mkeka pasipo kupima, na maua yake yalikutana pale pale yalipotakiwa kukutana. Tulichokosa sisi ni jina la kuliita jambo hilo, na pengine ndiyo maana tunapoliona katika fremu tunashtuka.

Basi nikarudi. Mpwa wangu akaniambia neno moja ambalo lilikuwa na manufaa kuliko mafunzo yote. Alisema, "Mjomba, usiikumbuke sahani. Ukumbuke mkono wa Nana."

Niliiondoa ile mbao ukutani, nikailaza sakafuni juu ya mkeka. Nikailowesha yote kwa maji. Rangi ya akriliki ya manjano tuliichanganya na nyekundu kidogo mno na tone la kahawia, tukaijaribu mara saba au nane juu ya kipande cha gazeti hili hili mpaka nikasema, ndiyo. Nikaimimina kidogo upande wa kulia, nikashika pembe mbili za mbao, nikaanza kuizungusha polepole kama alivyokuwa akiizungusha yeye. Rangi ikaenda. Pengine ikakimbia nilikokuwa sitaki, nami nikajizuia kuirudisha. Ilipofika kwenye maji mengi ikatawanyika, ilipofika pakavu ikasimama na kufanya ukingo mweusi mweusi kama wa wino wa baba. Nikaongeza. Nikaacha. Mara tatu nilitaka kushika brashi niitengeneze alifu, walau moja, ili watu wajue, na mara tatu nikaiweka chini. Sikutaka herufi ya Kitabu iwe sakafuni miguuni pangu, na zaidi ya hapo, katika zile pumzi nne hapakuwa na herufi.

Hapo ndipo nilipoanza kulia, na msomaji anisamehe, kwani nimefika kwenye jambo ambalo ndilo lililoniziba mdomo miaka mitatu.

Katika sisi wana, ni mimi peke yangu niliyerithi hati ya baba. Alinifundisha kuandika kombe kabla hajafa, nami nikaandika miaka mingi, kisha nikaacha. Sikuacha kwa hoja. Niliacha kwa sababu nilikuwa nimekuwa mtu wa magazeti, na nilikuwa naona haya wenzangu wasinikute na sahani na kalamu ya mtete. Usiku wake wa mwisho, nasi hatujui kuwa ni wa mwisho, mama alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, niandikie kombe." Nikamjibu, "Kesho, mama. Leo umalize kwanza dawa ulizopewa." Akasema haya, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumsumbua mtoto mwenye kazi nyingi. Alfajiri hakuiona.

Sijui kama kombe lingemponya. Siamini hivyo, wala yeye sidhani kama aliomba kupona. Nadhani alitaka kuuona mkono wa baba katika mkono wangu, na kuizungusha sahani mara moja tena. Marthiya gani ingeingia hapo? Kila nilipoanza kumsifu, lile neno kesho lilikuwa limekaa mwisho wa kila kipande kama kina kisichokubali kubadilishwa.

Picha ilikauka usiku kucha. Asubuhi niliongeza nyeupe sehemu mbili, nikakwaruza pahali pamoja kwa ukucha, basi. Ina mzunguko usiofunga. Ina mishipa inayotoka kulia kwenda kati na kufifia kabla haijafika. Karibu nusu yake ni nyeupe, na mpwa wangu alinizuia nisiijaze, ingawa mkono wangu ulikuwa ukiwasha.

Dada alipanda juu saa nne kutafuta binti yake. Ni yeye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, na tangu hapo hatujapata kuzungumza juu ya usiku ule. Tukizungumza, ni bei ya samaki na habari za watoto. Alisimama mlangoni, leso begani, akaitazama ile mbao sakafuni. Nikangoja aseme, nini hini, mwamwaga maji juu ya nguo nzima. Hakusema. Alichutama, akaitazama kwa karibu, kichwa kikiinama upande kama anasoma.

"Ile sahani ilikuwa na mzunguko wa buluu ukingoni," akasema. "Umeusahau."

Nikamwambia ilikuwa nyeupe tupu.

"Ya buluu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiosha."

Tukabishana kidogo, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu tukibishana juu ya mama, na nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Mpwa wangu akauliza kama tuutie huo mzunguko wa buluu. Dada akasema la, kila mtu na sahani yake. Kisha akashuka chini. Nilidhani amekwenda zake, lakini akarudi na kile kijaluba cha shaba cha mama, akakifungua. Mlikuwa na kikaratasi kimekunjwa mara nne.

"Niliinunua jioni ile," akasema. "Nilikusikia ukimwambia kesho, nikasema basi, niiweke tayari."

Ilikuwa ni zafarani, nyuzi chache zilizokauka, nyekundu iliyokaribia kuwa nyeusi. Miaka mitatu ameiweka na hakuniambia, wala hakunilaumu. Tuliiloweka katika kikombe pamoja na marashi, tukakaa sote watatu juu ya mkeka tukiingojea, na dada ndiye aliyeimimina. Rangi yake ilikuwa dhaifu mno juu ya ile akriliki, hata mgeni hawezi kuonyeshwa ni wapi, na mpwa wangu ametuonya kwamba zafarani halisi haistahimili jua, baada ya muda itapotea. Lakini harufu ilikaa chumbani siku mbili.

Niliuliza tuitundike wapi. Dada akasema si upande wa kibla, na si chumba ninachopokelea wageni, wakaja kuuliza maulizo. Iko ukumbini, karibu na ngazi, pasipofika jua, mahali ambapo yeye hupita kila siku akipanda kuanika nguo.